Zuhura na Kigelegele Kilichochelewa

Mimi na Zuhura tunachangia frem moja Magomeni, hapa Bagamoyo, na katikati tumetia pazia la khanga. Upande wangu nasuka nywele na kuwapaka maharusi hina na piko. Upande wake kuna televisheni zilizopasuliwa matumbo, nyaya za kila rangi, na harufu ya lehemu inayoingia mpaka kwenye nywele za wateja wangu. Soketi tunayo moja. Nikiwasha draya, yeye anafoka. Akiwasha kifaa chake cha kulehemu, nafoka mimi. Huu ni mwaka wa sita tunagombania soketi na hakuna aliyehama.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa mtaani wanazisimulia vibaya. Wanasema Zuhura "alitengeneza tivii ya harusi". Tivii! Wangejua alichokifanya wangempa mkono kila wakipita. Mimi nilikuwepo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kwa hiyo najua ninachokisema.

Zuhura alilelewa Makurunge na bibi yake mzaa mama, Bi Somoe, mkulima wa mihogo na ufuta. Bi Somoe alipokuwa na miaka thelathini aliugua homa kali. Mwili ukapona, masikio hayakurudi. Hasikii hata radi. Lakini macho yake, jamani! Anasoma midomo. Ukimsengenya ukiwa ng'ambo ya uwanja, anakujibu, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Zuhura amekua akizungumza na mtu wa namna hiyo, ndiyo maana mpaka leo akisema na mteja humgeuzia uso mzima na kulitamka kila neno mpaka mwisho. Wasiomjua hudhani anaringa. Na Bi Somoe ndiye aliyeng'ang'ana mjukuu wake aende chuo cha ufundi Dar es Salaam, wakati wajomba wanasema mtoto wa kike na nyaya wapi na wapi.

Kwetu ndoa hufungwa msikitini, kwa wanaume. Sisi wanawake tunabaki nyumbani, uani, chini ya turubai, tunasikiliza spika. Bwana harusi akishasema "nimekubali", vigelegele vinalipuka. Ila katika ukoo wa Bi Somoe kigelegele cha kwanza kina mwenyewe: ni cha bibi mzaa mama wa bibi harusi. Asipokitoa yeye, wengine wote wanameza ndimi. Na kwa kuwa Bi Somoe hasikii, miaka yote alikuwa akifinywa goti na aliyekaa karibu naye, kumwambia haya, tayari. Zuhura alikuwa hapendi kabisa kule kufinywa.

"Bibi yangu si swichi," aliniambia siku moja, ametoa macho. "Ataona mwenyewe."

Akatengeneza kisanduku kidogo kinachotosha kiganjani. Kamera inawekwa msikitini na kaka yake, Abdala. Waya unapita juu ya mapaa mpaka uani, unaingia kwenye kisanduku. Kisanduku kinaukuza uso wa bwana harusi na kuutoa kwenye tivii kubwa. Mambo ya mtandao hakuyataka, maana mtandao siku ya harusi, watu mia wameshika simu, ni bahati nasibu. Tulikijaribu hapa frem siku tatu na picha ikaenda kama maji. Nilimwona Zuhura akicheka peke yake, na si mtu wa kucheka ovyo.

Kilizinduliwa kwenye harusi ya Zuleha, mdogo wake, baada ya sala ya adhuhuri. Mimi nilifika mapema kumpaka bibi harusi, nikapita uani, nikakiona kisanduku juu ya meza, cheusi, kiko uchi na nyaya zake. Nikaona haya kwa niaba yake. Nyumba gani ya Pwani redio inakaa uchi siku ya harusi? Nikaenda ndani, nikachukua kitambaa cha kufuma cha waridi chenye vishada, nikakivika. Kikapendeza wallahi. Nikakipigapiga juu, nikaenda zangu.

Hotuba ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa juu ya turubai, watu tunajipepea. Bi Somoe alikaa mbele kabisa, kwenye kiti cha peke yake, ametumbulia macho kioo cha tivii, na sisi wote tuko nyuma yake. Mara spika ikatoa sauti ya bwana harusi, wazi kabisa: "Nimekubali." Tukamtazama Bi Somoe. Ametulia. Kwenye kioo bwana harusi alikuwa ameinamisha kichwa, hajafungua hata kinywa. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawake wa upande wa bwana harusi hawakuijua mila ile. Mmoja akaachia, na uani kote kukalipuka. Bi Somoe yuko mbele, nyuma hakuoni, wala hasikii. Tukapiga, tukanyamaza, mmoja akaanza kuulizia pilau.

Hapo ndipo bwana harusi wa kwenye kioo akafungua mdomo. Bi Somoe akainuka, akapeperusha khanga, akapiga kigelegele chake peke yake katika ukimya, kirefu, kizuri, cha kutoka moyoni. Nyuma wakaangua kicheko. Akageuka, na kabla hatujawahi kuwaziba midomo akamsoma mtu mmoja akisema, "Bibi wa watu anapiga kigelegele cha jana." Akakaa. Akajifunika mdomo kwa khanga, na hakuufunua mpaka watu walipotawanyika.

Nilitamani ardhi inimeze, na wakati ule nilikuwa sijajua hata kosa ni la nani.

Zuhura alimfuata Makurunge kesho yake, nami nikamsindikiza. Akampigia magoti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, lile kosa ni la kisanduku changu."

"Kisanduku hakikuchekwa," alisema Bi Somoe. "Harusi ya Samia kigelegele mpeni mwingine. Mimi nitakaa jikoni na vitunguu vyangu."

Samia ndiye mjukuu wa mwisho, na harusi yake ilikuwa imebakiza wiki sita. Baada yake hakuna mwingine wa kuozwa. Bi Somoe alikuwa anaaga mila yake kwa aibu, na Zuhura alilijua hilo. 

Alianza kwa kulitafuta kosa. Aliielekeza kamera kwenye saa yangu ya ukutani, akaweka tivii chini yake, akalinganisha saa ya ukutani na saa ya kwenye kioo. Zikaenda sawasawa. Siku nzima, sawasawa. Akang'ata kucha mpaka akachoka. Siku ya tatu mteja wangu mmoja alilalamika baridi, nikaligeuza feni langu upande wa pili. Baada ya nusu saa nikamsikia nyuma ya pazia akipiga yowe.

"Mwanahija! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu!"

"Umefanya! Njoo uone!"

Saa ya kwenye kioo ilikuwa imechelewa sekunde mbili. Kumbe siku zote zile za majaribio kisanduku kilikuwa kinapepewa na feni la saluni yangu. Akakibeba nje mchana wa jua: sekunde nne. Kisha akasimama, akafikiri, akaniuliza taratibu, "Hivi siku ya harusi kile kitambaa cha waridi kilitoka wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilidhani atanirukia. Akakichukua kitambaa kile kile, akakivika kisanduku juani, tukangoja. Sekunde tisa. Kama zile zile alizochelewa Bi Somoe.

Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu nikamletea vitumbua, nikamwambia, "Nimekosa, shoga yangu. Basi kisivikwe tena, yaishe."

"Hayaishi," alisema, mdomo umejaa kitumbua. "Bila kitambaa ni sekunde nne, na nne zinatosha kumfanya mtu achekwe. Halafu, Mwanahija, kwetu kila kitu kinavikwa. Usipokivika wewe, atakivika mwingine. Kifaa cha harusi za kwetu sharti kiishi tunavyoishi sisi."

"Basi kitie feni lake."

"Feni ni kumpepea mgonjwa. Mimi nataka kumtibu."

Alinieleza ugonjwa. Ndani ya kisanduku kuna prosesa, ubongo wa kazi zote, na ule ubongo ulikuwa umeelemewa: asilimia tisini na saba ya nguvu zake zinatumika muda wote. Kwa hiyo unapata joto. Joto likizidi, unajipunguza mwendo usije ukaungua. Ukipunguza mwendo, picha za kamera zinarundikana zikingoja zamu, na picha unayoiona kwenye kioo ni ya zamani. Ukitaka uone nguvu ya jua la Bagamoyo, kivike kisanduku kitambaa.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi, na mimi niliishangilia. Akaziondoa picha nyingine. Kamera inaleta picha ishirini na tano kila sekunde. Akakiamuru kisanduku kichukue nane tu, nyingine kitupe. Prosesa ikapumua, saa zikalingana hata chini ya kitambaa. Tukakimbilia Makurunge. Abdala akasimama nyuma ya nyumba mbele ya kamera, akatamka "nimekubali" kwa ufasaha wote aliojaliwa, na Bi Somoe akatazama kioo barazani.

"Huyu anatafuna ubani," alisema. "Hasemi."

"Bibi, amesema nimekubali!"

"Nimekubali midomo inafunga mara mbili. Inafunga ukisema *me*, inafunga tena ukisema *ba*. Huyu amefunga mara moja. Msinifanye mtoto mdogo." Akaurudia ungo wake wa ufuta.

Mimi nilivunjika moyo. Zuhura, kinyume chake, aliwaka. Alinishika mkono njiani akaniambia, "Umemsikia? Anaona picha zilizokosekana! Bibi yangu anazihesabu picha!" Nikajua hapo hatatupa picha hata moja tena; zote ishirini na tano zitafika, na kwa wakati wake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli. Chini kabisa ya programu zote kuna programu ndogo inayoitwa draiva, ambayo kazi yake ni kuzungumza na kamera kwa niaba ya wengine. Ilikuja na chipu ya kisanduku kutoka kiwandani, ng'ambo huko, kiwanda hata jina sikijui, na Zuhura hakuwahi kuitilia shaka. Sasa akaifungua mstari kwa mstari. Alikaa nayo wiki mbili, anatoka adhuhuri na alasiri kuswali, anarudi. Televisheni za watu zikalala zimefunguliwa. Wenye mali wakaja kunigombeza mimi, nami nikawajibu inavyostahili.

Siku aliyoigundua nilikuwa nampaka piko bibi harusi wa Kaole. Pazia likafunguka.

"Wajinga!" alisema, na uso wake unang'aa kwa furaha. "Mwanahija, wajinga sana hawa! Chukulia hii prosesa ni mpishi mkuu wa shughuli. Badala ya kungoja picha ipige hodi, draiva inampeleka mlangoni kila mara: imefika? Haijafika. Imefika? Haijafika. Maelfu ya mara kwa sekunde moja! Ikifika, anaipakua chembe moja moja kwenye beseni. Halafu anaipakua tena kutoka kwenye beseni kuitia kwenye sinia. Halafu anaibadilisha rangi, na chipu ya tivii nayo inazirudisha rangi zilivyokuwa!"

Nikaacha piko. "Shughuli gani hiyo pilau inapakuliwa mara mbili?"

"Ndiyo nashangaa!"

"Si sinia linajazwa jikoni, linatembea lenyewe mpaka jamvini, watu wanakula, linarudi tupu?"

"Ndivyo litakavyotembea! Picha ishuke moja kwa moja kwenye sinia. Na kuna kuli ndani ya chipu ya kisanduku, Mwanahija, kuli kabisa, aliwekwa kwa ajili ya kubeba tu. Kiwanda kimemwacha amelala! Nitamwamsha abebe yeye, mpishi aendelee kuketi mpaka apigiwe hodi."

Mteja wangu akauliza kama bado tunapaka piko au tunapika. Tukacheka mpaka maua ya mkono wake wa kushoto yakapinda, na mkono ule sikumdai hela yake.

Kumwamsha huyo kuli kulichukua siku nne, na mara ya kwanza tulipata vituko. Aliielekeza kamera barabarani, nasi tukaona kwenye kioo kichwa cha Abdala juu ya mabega ya muuza madafu. Kidogo tukaona bajaji yenye miguu ya mbuzi. Nilikaa chini kwa kucheka. Zuhura hakucheka, alikuna kichwa, kisha akapiga paja.

"Sinia nimeweka moja! Wageni hawajamaliza kula, jikoni wanamimina mengine juu yake."

Akaweka masinia manne ya kuzunguka: moja linajazwa, moja liko mezani, mawili yako njiani. Abdala akarudishiwa mabega yake. Zile rangi nazo akaziacha zipite kama zilivyotoka kwenye kamera, maana chipu ya tivii ilikuwa inazielewa tangu mwanzo, ila hakuna aliyeiuliza. Akatazama namba ya prosesa. Akaniita kwa sauti ndogo nije niisome mimi, asije akawa anaota.

Kumi na moja. Kutoka asilimia tisini na saba mpaka kumi na moja, na picha zote ishirini na tano zimo.

Tulipiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja na fimbo akidhani tumevamiwa na nyoka. Zuhura alikivika kitambaa cha waridi, akakiweka kwenye jua kali, tukakaa kivulini saa nzima tukikitazama. Saa ya ukutani na saa ya kwenye kioo zilikwenda pamoja. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa: kivuguvugu tu, joto la mkate uliopoa. Nikalia, sina haja ya kuficha, kwa sababu lile kosa la kitambaa lilikuwa limenikaa rohoni wiki zote zile.

Makurunge safari hii alisimama Zuhura mwenyewe nyuma ya nyumba, mbele ya kamera. Mimi nilikaa barazani na Bi Somoe. Kwenye kioo Zuhura alisema kitu ambacho sikukisikia, maana palikuwa mbali. Bi Somoe alitazama mpaka mwisho, kisha akanitafsiria mimi mwenye masikio:

"Anasema, bibi nisamehe, nilitaka usifinywe tena."

"Umeona yote?"

"Nimeona." Akafuta macho kwa pindo la khanga. "Lakini mbele sikai. Nilichekwa mbele."

Tukarudi na ushindi nusu.

Siku ya Samia kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Tulikitandika mkeka mpya na mto, na hakuna aliyethubutu kukikalia, si shangazi wala nani. Kisanduku kilikuwa mezani kimevaa waridi. Jua lilikuwa lile lile la kuoka watu. Bi Somoe alikuwa jikoni, anamenya vitunguu, na kila nilipochungulia aligeuka ukutani. Zuhura alikaa nyuma ya tivii, mikono magotini, na nilijua anachokiwaza: hata kisanduku kikienda sawa, kitakuwa kimemfanyia kazi nani?

Hotuba ikaenda. Bwana harusi, Muzammil, ni kijana wa Saadani, mpole kupita kiasi. Uso wake ulijaa kioo kizima na jasho likimtiririka. Shehe akamshika mkono, akamtamkia. Zamu yake ikafika. Kwenye spika tukasikia kwaru, kwaru, kisha mnong'ono kama mtu anayeongea ndani ya kikombe.

Tukatazamana, wanawake mia na zaidi, masikio yetu yote mazima.

"Amesema?" aliuliza Hajra, shangazi yake Samia.

"Mimi sijasikia."

"Labda bado."

Tukatega masikio. Tukashika pumzi. Hakuna aliyejua, na mila ikatufunga ndimi: nani aanze, na kwa ushahidi gani?

Ndipo kigelegele kikatoka nyuma yetu, mlangoni pa jikoni. Kirefu, kizuri, cha kutoka moyoni. Tukageuka wote kwa pamoja. Bi Somoe alikuwa amesimama pale, kisu mkononi, ganda la kitunguu limemganda begani, macho yake yako kwenye kioo juu ya vichwa vyetu. Na kabla hajakata pumzi, sauti ya shehe ikaja wazi kwenye spika: "Mashaallah! Amekubali. Sema tena kwa nguvu, mwanangu, wasikie na nyumbani."

Aseme tena ya nini! Uani kulilipuka. Viti vilianguka, khanga zikapaa, Hajra alikuwa akilia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja. Watu waliachia njia, na Bi Somoe akapita katikati yao na kisu chake, hatua kwa hatua, mpaka kiti cha mbele. Akakaa.

Zuhura alitoka nyuma ya tivii, akapiga magoti mbele yake ili uso wake uonekane wote.

"Nimewahi?" aliuliza Bi Somoe, kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa.

"Umewahi, bibi," alisema Zuhura. "Sisi ndio tuliochelewa."